Mashairi Yangu na Baba Watoto

Nina madaftari matano ya mashairi, na mume wangu alikuwa hajasoma hata moja. Kazini nahariri maandishi ya wengine. Usiku, hapa Lizaboni, watoto wakishalala, nahesabu mizani kwa vidole, nane nane. Yeye ananitania: "Mama watoto, unahesabu madeni?"

Babu zetu walikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923. Unatuma beti zako kwa posta, mtu wa mji mwingine anakujibu kwa beti. Raha iliyoje! Sisi tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyozinduliwa 2022, na ushairi umo. Mswada nitapeleka. Ila mengi humo yanamhusu huyu anayelala pembeni yangu, likiwemo la mwaka ule tulionuniana miezi miwili. Hilo, jamani, jaji asilione kabla yake.

Jumapili nikamwachia daftari la tatu mezani, karibu na chai. Akasoma kurasa mbili, akauliza, "Huyu ni mimi?" Nikamwambia endelea tu. Sasa daftari limehamia upande wake wa kitanda, na hasemi kitu.