Jina Lake Halikuwamo

Jumatano ya Novemba 27, 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Ihanda alifika nyumbani kwangu asubuhi. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapiga kura?"

Akatazama chini. "Jina langu halimo."

Alikuwa ametimiza miaka 18 mwaka huo. Mfukoni alikuwa na kadi ya mpiga kura aliyoipata mwezi Agosti, wakati Daftari la Kudumu lilipoboreshwa mkoani kwetu Kagera. Lakini daftari lile ni la uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji ulikuwa na orodha yake, na kila mkazi alipaswa kujiandikisha upya kitongojini kwake kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Yeye hakwenda. Nilipomuuliza sababu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Baba, ulitangaza kanisani kwamba wenye kadi wameshamaliza."

Ni kweli, nilitangaza. Jumapili moja ya Oktoba, baada ya ibada, mama mmoja aliuliza kama wenye kadi wanatakiwa kwenda tena. Watu walikuwa wanasubiri mnada wa ndizi na mayai yaliyotolewa sadaka, nami nilikuwa na haraka. Nikajibu kama mtu anayejua. Sikumuuliza mwenyekiti wa kitongoji, ingawa naye alikuwa ameketi benchi la tatu.

Mtu anaweza kusema ni kura moja tu. Lakini mama wa kijana huyu ni mjane, na kwa muda mrefu amekuwa na shauri la mpaka wa shamba lake la migomba. Shauri la namna hiyo huanzia kwa viongozi wa kitongoji na kijiji. Kijana alitaka kumchagua mtu ambaye angemsikiliza mama yake. Hilo ndilo nililomnyang'anya kwa sentensi moja.

Usiku ule nilikumbuka darasa la kipaimara. Miaka michache nyuma, kijana huyo huyo alisimama mbele yangu akasema kwa moyo maelezo ya Katekisimo Ndogo juu ya ombi la mkate wa kila siku. Tuliosoma katekisimo tunajua kwamba Luther hakuishia kwenye chakula. Alihesabu mavazi, nyumba na shamba, na pamoja na hayo akaweka watawala wema na serikali njema. Nilimpa kijana alama nzuri. Kumbe nilimfundisha kuomba serikali njema, halafu ulipofika wakati wa kunyoosha mkono aipokee, nikamfungia mlango.

Babu yangu alikuwa mtu mzima Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa mwaka 1958 na 1959. Wakati ule mpiga kura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Babu alikuwa na kahawa kidogo na Biblia, basi. Hakupiga kura. Ndiyo maana mwaka 2000, nilipopiga kura yangu ya kwanza, baba aliichukua shahada yangu ya kupigia kura usiku wa kuamkia siku hiyo, akaiweka ndani ya Biblia yake isipotee. Oktoba 29 ilikuwa Jumapili. Alitembea nami mpaka kituoni, akangoja hadi nilipotoka. Mimi nilikuwa na mtu wa kunitunzia. Kijana wangu alikuwa na mimi.

Wakati wa likizo ya Desemba binti yangu alikuwa akisoma kitabu alichoachiwa na mgeni wa kanisa kutoka Marekani. Kinaitwa The Voting Booth, riwaya ya vijana ya Brandi Colbert, iliyotoka mwaka 2020. Ndani yake kijana aitwaye Duke anakwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, anaambiwa hayumo kwenye orodha. Msichana mweusi, Marva, hamfahamu kabisa, lakini anamwona akiondoka na hakubali aende hivyo. Anamchukua na kuanza kuhangaika naye. Binti yangu aliponisimulia, niliona aibu. Mgeni alifanya kwa ajili ya Duke jambo ambalo mchungaji hakulifanya kwa ajili ya kondoo wake.

Ninapohubiri juu ya kondoo aliyepotea, hupenda kujiweka upande wa mchungaji anayekwenda kutafuta. Mwaka ule nilijifunza kwamba mchungaji anaweza pia kuwa ndiye aliyeacha zizi wazi.

Desemba 1, Jumapili ya kwanza ya Majilio, nilisimama mahali pale pale nilipotangazia kosa langu. Nikawaambia waumini kwamba niliwapa habari isiyo kweli, na kwamba kuna vijana waliokosa haki yao kwa sababu yangu. Nikaomba msamaha. Baada ya ibada kijana alinipa mkono. Wengine wawili walipita kimya, nami niliwaelewa. Msamaha nilioupata haukuwarudishia kura.

Tangu Januari 2025, tunapofika kwenye ombi la mkate wa kila siku katika darasa la kipaimara, namwalika mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji, wa chama chochote, aeleze mambo ya daftari na tarehe. Hazungumzii chama. Mimi hukaa nyuma na daftari langu, nikiandika. Na nikiulizwa nisilolijua, sasa nasema, "Sijui, twende tukaulize." Kisha tunakwenda.