Tangazo Tulilolificha

Miaka tisa iliyopita, karani wa shule tuliyokuwa tukifundisha alitukabidhi karatasi mbili alizokuwa amezichapa kutoka katika barua pepe. Juu ya karatasi ya kwanza mwalimu mkuu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu wa Kiswahili, tafadhali shughulikia." Lilikuwa tangazo la kuwaita walimu vijana wa Kiswahili kwenda kusaidia kufundisha lugha hiyo katika vyuo vikuu vya ng'ambo kwa muda wa mwaka mmoja wa masomo, nauli, malazi na posho vingelipwa na wafadhili. Tulilisoma mara mbili. Mwombaji alitakiwa awe na shahada ya kwanza, nasi tulikuwa na stashahada ya ualimu. Alitakiwa awe hajatimiza miaka 30, nasi tulikuwa tumekwisha pita 35. Tukazikunja zile karatasi, tukazitia katika mtoto wa meza, tukaenda darasani kufundisha ngeli ya U-ZI.

Katika shule hiyohiyo alikuwako mwalimu mmoja kijana, binti tuliyemfundisha wenyewe tangu kidato cha kwanza. Alikuwa amechelewa kumaliza masomo kwa sababu ya kukosa ada, akarudi kwetu na shahada yake akiwa na umri wa miaka 27. Meza yake ilielekeana na yetu. Hakuna sharti katika tangazo lile ambalo hakulitimiza, nasi tulilijua hilo tangu siku ileile. Hata hivyo siku ya mwisho ya kupokea maombi ilifika ikapita, na zile karatasi zikiwa palepale chini ya daftari la mahudhurio.

Baada ya miezi miwili alirejea kutoka semina mjini Kampala, akaja mezani petu. "Mwalimu," akauliza, "kumbe kulikuwa na nafasi za walimu wa Kiswahili? Wenzangu wa shule nyingine wameomba. Hapa kwetu habari hazikufika?" Tukamjibu kwamba hatukuona kitu. Akatushukuru, akaomba kwamba tukisikia habari nyingine tumjulishe.

Twasema "sisi" kwa desturi ya kurasa hizi. Lakini mkono uliofunga ule mtoto wa meza ulikuwa mmoja tu, na ulimi uliojibu ulikuwa mmoja.

Tumejiuliza mara nyingi sababu ya tendo lile. Wivu ulikuwamo, wala hatuna haja ya kuupamba kwa maneno. Lakini chini ya wivu kulikuwa na kosa jingine, nalo ni la fikira: tuliuona ufadhili kuwa ni sadaka. Mtu aionaye nafasi kuwa ni sadaka hupata uchungu ikimpita yeye na kumwangukia mwingine, hasa huyo mwingine akiwa ni mwanafunzi wake. Ilitupasa kusoma kwanza, tujue ni nani anayemhitaji nani.

Chukueni mfano wa mpango wa Fulbright wa Marekani. Ulianzishwa mwaka 1946 kwa sheria iliyopendekezwa na Seneta J. William Fulbright, na fedha zake za mwanzo zilitokana na mauzo ya mali za vita zilizosalia katika nchi za nje. Baadaye ndani yake ikaundwa sehemu ya walimu wasaidizi wa lugha za kigeni, ambayo imewachukua walimu wa Kiswahili kutoka Kenya na Tanzania. Mwalimu aliyechaguliwa alikaa huko kama miezi tisa, akifundisha lugha yake na huku yeye mwenyewe akihudhuria masomo. Hakupewa shahada, na muda ulipokwisha alitakiwa arudi kwao. Kwa nini chuo kikuu chenye maktaba kubwa kimwite mwalimu kijana kutoka mbali? Kwa sababu vitabu haviwezi kumsahihisha mwanafunzi matamshi, wala kumwonyesha namna ya kumwamkia mkwewe. Anayeitwa kwa ajili hiyo haendi kuomba. Ana kitu chake mkononi, naye anakwenda kukibadilisha na kingine.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Ujerumani ilikihitaji Kiswahili kwa ajili ya kutawala, nayo ilijua kwamba haiwezi kukipata bila ya wenyewe. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya habari zake ni kazi ya Mtoro, lakini jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten. Mwaka 1905 Mtoro alitaka kurudi nyumbani pamoja na mke wake Mjerumani. Wakuu wa koloni wakamkataza kuingia nchini pamoja naye. Akarudi Ujerumani, akafariki Berlin mwaka 1927. Hayo hayakuwa mabadilishano. Mwalimu alitoa lugha yake, na kwao hakukurudi kitu. Ndiyo maana leo sharti la kurejea, ambalo vijana wengi hulichukia wanapotia sahihi, sisi twaliona kuwa ni moyo wa mkataba wote. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaongeza kwamba mgeni naye sharti arudi kwao amepona.

Hapa Afrika Mashariki pia tuliwahi kuyajua hayo bila ya kuvuka bahari. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Katika miaka yake ya mwanzo, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Kijana wa Uganda aliyeshukia Dar es Salaam alijifunza sheria darasani na Kiswahili sokoni, na hakuna mfadhili aliyelipia somo hili la pili. Chuo kile kilipogawanyika, kila nchi ikabaki na chake. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yako Kampala, liliundwa mwaka 1980 ili uhusiano wa vyuo hivi usikatike.

Tangu tulipoanza kufuatilia habari hizi, tumejifunza kwamba nafasi zenyewe ni za namna tatu, na yafaa mwalimu azitofautishe kabla hajamshauri kijana. Ya kwanza ni ufadhili wa kusomea shahada, kama ule wa Jumuiya ya Madola, ambao mpango wake uliafikiwa mwaka 1959. Hapo mwombaji hupimwa kwa matokeo yake na kwa hoja yake ya manufaa atakayoiletea nchi yake. Ya pili ni ya kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja au miwili, kama ule mpango wa Ulaya uitwao Erasmus, ulioanza mwaka 1987 na ambao siku hizi hupokea pia wanafunzi wa nchi nyingine. Katika namna hii mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake, halipi ada kwa mwenyeji, na masomo aliyofaulu huko hupaswa kuhesabiwa kwao. Lakini hawezi kwenda peke yake: lazima chuo chake kiwe kimekwisha tia sahihi mkataba na chuo cha ng'ambo. Kwa hiyo kijana asianze na ubalozi, aanze na ofisi ya chuo chake. Ya tatu ni ile ya walimu, ambayo tumekwisha ieleza.

Katika namna zote tatu, tumeona vijana wengi wakikwama kwa mambo madogo kuliko akili. Pasipoti huombwa baada ya tangazo kutoka, ilhali ilipasa iwepo kabla. Hati za matokeo hucheleweshwa. Na barua ya mapendekezo, ambayo ni kazi yetu sisi walimu, huandikwa usiku wa mwisho kwa maneno yanayoweza kumfaa mtu yeyote: "ni mwenye bidii na tabia njema." Barua hiyo haimsaidii mtu. Msomaji aliye mbali hataki sifa. Ataka kujua kijana huyu alifanya nini, lini, mbele ya nani. Mwalimu ambaye hakuwahi kukalia kiti cha chuo kikuu aweza kuiandika barua hiyo vizuri kuliko profesa, maana yeye ndiye aliyemwona mtoto akijifunza.

Turudi kwa yule binti. Mwaka uliofuata tangazo halikuletwa shuleni. Mwaka wa pili lilikuja, tukampelekea saa ileile, tukamwandikia barua kwa siku tatu. Aliitwa katika usaili, akawekwa katika orodha ya akiba, na hakuna aliyejitoa. Mwaka wa tatu alikuwa ametimiza miaka 30. Huenda asingechaguliwa hata mara ile ya kwanza. Lakini nafasi ya kujaribu mara mbili ilikuwa haki yake, nasi tuliikata nusu.

Ndipo tulipomwambia. Mficha maradhi, kifo humwumbua, nasi hatukutaka kungoja kuumbuliwa. Zile karatasi tulikuwa nazo bado, tukaziweka mbele yake. Alikuwa akisahihisha madaftari. Alizitazama, akaona ile kalamu nyekundu na tarehe, kisha akaendelea kusahihisha daftari lililokuwa mbele yake mpaka akalimaliza, akalifunga.

"Basi, Mwalimu," akasema, "yajayo yabandikwe ubaoni."

Hakusema zaidi siku ile, wala hajasema mpaka leo. Jioni alikwenda mwenyewe dukani kununua pini. Tangu hapo katika chumba cha walimu pana ubao ambao kila tangazo la masomo hubandikwa siku linapofika, liwe linatuhusu au halituhusu, na siku ya mwisho huandikwa juu yake kwa tarakimu kubwa. Alipohamia shule nyingine alituachia kazi ya kuutunza. Twaitenda kila Jumatatu kabla ya kengele.

Ndugu mwalimu, usomapo ukurasa huu, fungua mtoto wa meza yako. Kama imo karatasi iliyokunjwa kwa sababu haikukuhusu wewe, itoe leo. Yuko mtu katika meza ya pili ambaye hajui kuwa siku zake zinahesabiwa.