Audley End na Cambridge: Ziara ya Siku Moja

Sisi walimu wa Kiswahili kutoka Uganda, tulipokuwa Uingereza, tulitenga siku moja kuzuru jumba la Audley End na mji wa Cambridge. Mahali hapo pawili huunganishwa na mtu mmoja, Thomas Audley, aliyepewa na Mfalme Henry wa Nane ardhi ya watawa huko Walden, na ambaye mwaka 1542 alikianzisha upya Chuo cha Magdalene.

Jumba lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 na Thomas Howard, aliyekuja kuwa Mweka Hazina wa Mfalme James wa Kwanza. Fahari yake ilipita kiasi. Howard aliishia kuhukumiwa kwa ubadhirifu, na baadaye sehemu kubwa ya jumba ikabomolewa. Tulichokiona ni masalio, ingawa ni masalio ya kutisha kwa ukubwa.

Huko Magdalene tulikuta urithi usiopunguzwa. Samuel Pepys alikiachia chuo vitabu 3,000 hivi, kwa sharti kwamba kisiongezwe wala kuondolewa hata kimoja. Miongoni mwavyo imo shajara yake ya miaka ya 1660 hadi 1669, iliyoandikwa kwa hatimkato. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja, John Smith, alianza kuifumbua, akataabika karibu miaka 3. Kumbe kitabu cha kufundishia hatimkato hiyo kilikuwamo katika maktaba ile ile, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Habari hiyo ilituchoma. Chuoni humo ndimo alimosoma Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye baba yake, Daudi Chwa, alikipinga Kiswahili kwa maandishi mwaka 1929. Tangu 2005 Katiba yetu yakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo wapo wazazi wanaokiita lugha ya askari, na wapo wanafunzi wanaokariri ngeli bila kusikia sentensi moja ikizungumzwa, ilhali sokoni na mipakani wamo wanaokisema kila siku.

Sheria imekwisha kukiweka Kiswahili rafuni. Kumwonyesha mwanafunzi mahali ulipo ufunguo ni kazi yetu sisi walimu, wala haiwezi kungoja karne nyingine.