Lango la Ichijodani

Nilikosea, tena kwa maandishi, na wasomaji wakaniamini. Katika makala yangu kuhusu magofu ya mji wa Ichijodani, mkoani Fukui, Japani, niliandika kwamba lango la mbao lililo mbele ya makazi ya mtawala Asakura Yoshikage ndilo lililonusurika moto wa mwaka 1573, adui yake Oda Nobunaga alipouteketeza mji ule. Si kweli. Lango hilo ni la hekalu la Kibudha lililojengwa hapo baadaye, kumwombea Yoshikage aliyekwisha kufa, na hili tunaloliona leo lilijengwa upya katika zama za Edo.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi ulichongwa kwenye lango lenyewe. Mbele pana nembo ya ukoo wa Asakura. Nyuma pana nembo ya maua ya mpaulownia, ya Toyotomi Hideyoshi, ambaye inasemekana ndiye aliyelitoa lango la awali. Na Hideyoshi alikuwa jemadari wa Nobunaga, adui wa Yoshikage! Nembo yake ingefikaje pale Yoshikage akiwa hai? Nilipiga picha za mbele, nikaridhika, kwa sababu nilikwenda nikitafuta kitu kilichookoka, na lango lile lilinipa nilichokitaka.

Kosa la pili, ambalo hakuna aliyenikosoa kwalo, ni kubwa zaidi kwangu. Vitu vya Yoshikage mwenyewe nilivipa sentensi moja tu. Baada ya moto, bonde la Ichijodani liligeuka mashamba ya mpunga, na udongo ukayafunika makazi hadi wachimbaji walipoanza kazi mwaka 1967. Wakafukua mawe ya msingi yakiwa yamekaa palepale yalipobeba nguzo, safu kwa safu, hata leo unaweza kufuata kuta za vyumba kwa miguu yako. Ipo mifereji ya mawe, lipo tuta la maua, na upo ukingo wa bwawa la bustani. Ukoo wa Asakura ulitawala jimbo la Echizen vizazi vitano, takribani miaka 100, na hayo ndiyo mabaki yao. Mimi niliyapita haraka nikiliendea lango.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniandikia kwamba amewasomea wanafunzi wake aya ile ya lango. Nimemwomba radhi, nikamsihi awaambie kuwa mwandishi alikosea, na nikamtumia picha ya nembo ya nyuma. Ilibidi niiombe kwa mtu mwingine.