Bakshishi ya Mgawa Karata

Majina ya karata yaliletwa mwambao huu na Wareno, wala hayakuondoka pamoja nao. Shupaza asili yake ni panga, kopa ni vikombe, pau ni marungu. Na uru, ile alama nyekundu ya pembe nne, imetokana na neno la Kireno lenye maana ya dhahabu. Mzee anayetupa uru barazani baada ya alasiri hutupa dhahabu bila ya kujua, na anayeiokota hana la kumshukuru.

Dhahabu yenyewe hutafutwa upande wa bara wa mkoa wa Tanga, huko Kang'ata, wilayani Handeni, ambako wachimbaji wadogo hushuka ardhini kwa nyundo na kamba. Katika machimbo ya namna hiyo, kazi ya mwisho hufanyika mwaloni. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchanga wake humwagiwa maji juu ya mteremko uliotandikwa kitambaa ili chembe nzito zinase. Kisha huja zebaki, inayokusanya chembe hizo na ambayo moshi wake huharibu mwili wa anayeichoma. Mwoshaji hana uwezo wa kuongeza hata chembe moja. Kilichomo katika jiwe kimo, na kisichokuwamo hakiji kwa dua ya mwoshaji. Hata hivyo, mwenye mawe akiuona wekundu wa mali yake, humtazama mwoshaji kana kwamba yeye ndiye aliyemletea. Je, ampe kitu juu ya ujira wake?

Swali hilohilo, limevaa suti, huulizwa katika kumbi za kasino, zikiwamo zile za Dar es Salaam zinazoendeshwa kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kwa Waislamu wa mwambao, shauri la kasino huishia mlangoni: kamari ni haramu, na pato lake halisafiki kwa kutolewa sehemu. Hukumu hiyo haipingwi hapa. Lakini aliyesimama nyuma ya meza ni mwajiriwa, na haki ya mwajiriwa ni jambo linalowahusu hata wasioingia humo.

Mchezo unaoleta mzozo zaidi ni ule wa ishirini na moja, ambao Wamarekani huuita Blackjack. Mchezaji hushindana na nyumba, akitaka karata zake zikaribie ishirini na moja bila ya kupita. Mgawa karata huicheza sehemu ya nyumba, lakini hana hiari: akiwa chini ya kumi na saba sharti avute, akifika kumi na saba husimama. Akiondoka mezani hupangusa viganja na kuvigeuza juu, ili kamera ishuhudie kwamba hakubeba kitu. Ni mwoshaji wa mwaloni huyu. Anafunua tu kilichokwisha kupangwa ndani ya karata.

Mwaka 1962 mwanahisabati wa Kimarekani, Edward Thorp, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba nyumba inaweza kushindwa. Mchezaji akizihesabu karata zilizotoka, akajua kwamba ree na zile za kumi zimebaki nyingi, huongeza dau, zikipungua, hulipunguza. Faida yake, hata akiwa hodari, huwa ni kama asilimia moja tu ya fedha anazoziweka. Tuseme dau lake la wastani ni shilingi 10,000. Kila duru humpatia, kwa wastani wa siku nyingi, shilingi 100. Katika saa moja yenye duru 70 huwa amepata 7,000. Akimpa mgawa karata 2,000 kila nusu saa, ametoa 4,000, zaidi ya nusu ya jasho lake. Mchezaji wa kubahatisha hushinda kwa mkupuo na hutoa kwa furaha; huyu hupata kwa kibaba, na kila anachokitoa anakihesabu.

Basi hoja ya hodari inasimama juu ya miguu miwili. Kwanza, faida yake ni nyembamba. Pili, mgawa karata hakumsaidia kitu, kwa kuwa ushindi umetoka katika kichwa chake mwenyewe. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini zinathibitisha jambo moja tu: kwamba hadaiwi. Na bakshishi haikuwa deni hata siku moja. Neno hili tumelipata kwa Waajemi, na shina lake ni kutoa na kusamehe. Kinachodaiwa kinaitwa ujira, ada au karo. Anayesema “sitoi bakshishi kwa sababu sidaiwi” anafanana na anayesema hasalimii jirani kwa sababu hana mkataba naye.

Ipo, hata hivyo, sababu moja ya kutoa ambayo hodari huikubali upesi. Mgawa karata ndiye anayezichanganya karata. Akichelewa kuzichanganya, zilizobaki huwa chache, na mwenye kuhesabu huona mbali zaidi. Akiamua kuzichanganya mapema, hesabu yote hupotea. Wapo wahesabuji wanaotoa bakshishi kwa nia hiyo: wapewe karata chache zaidi kabla ya mchanganyo, na jicho la mgawaji litazame pembeni. Hapa ndipo hesabu ya shilingi 4,000 hugeuka kuwa kitega uchumi. Na hapa ndipo bakshishi inapokufa na kuzaliwa hongo. Sababu pekee yenye faida ndiyo isiyofaa.

Watanzania walikwisha kulijadili jambo hili mahali pakubwa kuliko meza ya kamari. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yalimruhusu mgombea kutoa takrima, kwa jina la ukarimu wa jadi. Mwezi Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, iliyabatilisha masharti hayo kwa kuwa yanapingana na Katiba. Ukarimu ni tabia njema. Lakini pilau inayoliwa kabla ya kura hainyamazi mbele ya sanduku la kura.

Yapo mataifa yaliyoona ni heri mlango ufungwe kabisa: Australia huwakataza wagawa karata kupokea chochote. Marekani ilikwenda njia nyingine, na huko bakshishi ndiyo sehemu kubwa ya kipato chao. Mwaka 2006 kasino ya Wynn, mjini Las Vegas, iliamua kwamba bakshishi za wagawa karata zigawiwe pia baadhi ya wasimamizi. Mwaka uliofuata wagawaji walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Walielewa vyema kilichotokea: zawadi ya mgeni ilikuwa imegeuzwa nafuu ya mwajiri. Mwaloni hali si mbali na hiyo. Mchanga unaobaki, uitwao marudio, huwa bado una dhahabu, na mara nyingi hubaki kuwa mali ya mwenye mwalo. Mwoshaji aliyeinama juu ya zebaki haendi nao nyumbani.

Kwa hiyo sifa za ukarimu zisiwe pazia. Mwajiri alipe ujira unaotosha mlo na kodi ya chumba, hata mchezaji akiwa bahili kupindukia. Ujira ukishatimia, ndipo bakshishi hupata uhuru wake.

Namna ya kuitoa watu wa visiwani wanaijua. Katika taarabu, shabiki aliyeguswa na wimbo huinuka, hucheza polepole hadi mbele, akamtuza mwimbaji na kurejea kitini pake. Hutoa hadharani, neno likiwa limekwisha kumfika. Hanunui ubeti unaofuata, wala mwimbaji hambadilishii maneno.

Hodari wa ishirini na moja na atoe hivyo: mchezo ukishakwisha, awe ameshinda au ameshindwa, kiasi kidogo kisichoharibu hesabu yake, mbele ya macho ya wote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Saa nzima ametazamana na mtu asiyeruhusiwa kuchagua karata wala kuondoka kabla ya zamu. Mtu huyo atakapogeuza viganja vyake mbele ya kamera, vitupu kama vya mwoshaji anayetoka mwaloni Kang'ata, si vibaya akawa na kitu alichopewa bila ya kudai.