Diploma haikwenda bure

Wengi mmetuuliza: kwa nini baba wa nyumba yetu aliacha chaki akashika chukudu? Hapa Goma kusukuma chukudu hakuombi diploma, nasi wote wawili tulisomea ualimu. Tunajibu kwa ajili ya nyumba zenye swali hilohilo.

Masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, wazazi waliacha kulipa ile prime ya walimu katika shule za msingi za serikali. Mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara anafundisha mikono mitupu. Nyumbani kwetu ulikuwa mshahara mmoja, watoto wanne. Tukakaa, tukahesabu, tukapatana: mmoja abaki darasani, mwingine abebe viazi na makala kutoka Kibumba.

Kazi si nyepesi. Mteremko ni mkali, mpira wa breki unakwisha, na gunia likipasuka njiani ni deni letu. Kila jioni tunagawa pesa mafungu matatu: ya chakula, ya likelemba, na ya kutengeneza chukudu. Fungu la tatu hatuligusi hata mboga ikikosekana, maana chukudu ikilala, nyumba nzima italala njaa.

Watoto walichekwa shuleni. Tukawaonyesha daftari la mizigo: mwenye mali, uzito, bei, deni. Wakaona hesabu za baba bado zinafanya kazi.

Wamama, tusiseme mbele ya watoto kwamba fulani alisoma bure. Mtoto akilishika neno hilo, yeye ndiye atakayeacha shule.