Hakuna Asilimia Kumi Katika Kijiti Chenye Pamba

Nchi yetu ina sherehe nyingi za kuzindua na haina hata moja ya kufagia. Jengo likifunguliwa, utepe hukatwa. Paa lake likizibwa, hakuna mgeni rasmi anayealikwa. Wengi wamelisema hilo kuhusu visima na zahanati. Mimi nimelisoma katika kitu kinachotosha kiganjani: kipanya cha kompyuta.

Kipanya kilibuniwa na Douglas Engelbart katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani. Cha kwanza, alichokiunda mwenzake Bill English mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili. Baadaye vilikuja vipanya vya gololi. Gololi iliviringika juu ya meza, ikazungusha vijiti viwili vya ndani, na njiani ikazoa vumbi. Sisi tuliojifunza kompyuta miaka ya 1990 tunakumbuka: kishale kikianza kusitasita, ulifungua kifuniko cha chini, ukatoa gololi, ukakwangua utando kwa kucha, kazi ikaendelea. Hakuna aliyeandika barua kwa mkuu wa idara.

Vipanya vya leo vina taa ndogo na kihisi kinachopiga picha za uso wa meza mara nyingi mno kwa sekunde moja. Kwa kuzilinganisha picha hizo, kifaa hutambua mkono umeelekea wapi. Unywele mmoja ukinasa mbele ya lenzi, kishale hurukaruka, na mtumiaji hutamka hukumu: kimekufa.

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, maabara ya kompyuta ilikuwa na mtunzaji, mzee mtaratibu ambaye kila Ijumaa jioni alipita meza hadi meza na kitambaa chake. Alipostaafu, nafasi yake haikujazwa. Ilielezwa kuwa haikuwa ya msingi. Haukupita mwaka, sanduku la vipanya “vibovu” likajaa, na maombi ya kununua vipya yakawa yanapanda na kushuka ngazi za ofisi. Mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato hakuhisi lolote. Aliyeumia ni mtoto wa mkulima, aliyekaa foleni hadi usiku wa manane akisubiri zamu ya kuchapa tasnifu yake. Uzembe wa umma una tabia hiyo: humpita mwenye chake, humkanyaga asiye nacho.

Jumamosi moja nilikaa na wanafunzi sita tukalifungua sanduku lile. Kazi yenyewe ni nyepesi. Chomoa waya kwanza, au toa betri. Lowesha kijiti chenye pamba kwa spiriti kidogo, isidondoke, kisha futa lenzi taratibu. Kwangua uchafu ulioganda kwenye nyayo za plastiki zilizo chini. Pitisha mswaki mkavu katika mianya ya vitufe na pembeni mwa gurudumu. Usimwagie maji. Kiache kikauke, na usisahau kuifuta meza, kwa maana uchafu hutoka huko. Kati ya vipanya 26, 17 vilirudi kazini. Tisa vilikuwa vimekufa kweli, nyaya zimekatika au swichi zimechoka.

Ataniambia mtu kwamba kipanya ni bei nafuu, kinunuliwe kingine. Bei ya kifaa ni ndogo, ni kweli. Lakini gharama ya miezi ya kusubiri haikuandikwa katika hati yoyote ya ununuzi, nayo ililipwa na wanafunzi. Tena tujiulize kwa nini kununua hupata watetezi wengi kuliko kutunza. Ununuzi una zabuni, una posho za vikao, na pengine una mkono wa mtu. Hakuna asilimia kumi katika kijiti chenye pamba.

Wala tusidai kwamba hatujui. Mwaka 1998 tuliirekebisha sheria ya tozo za barabara, ukawekwa Mfuko wa Barabara ili fedha zitokanazo na mafuta zielekezwe hasa kwenye matengenezo. Tulikwisha kukiri kisheria kuwa kilichojengwa hudai fungu lake kila mwaka. Kinachokubalika kwa lami kinashindikanaje kwa maabara, maktaba na vyoo vya shule?

Ndugu mtumishi wa umma, bajeti ijayo ikifika mezani kwako, litazame fungu la matengenezo kabla hujalikata ili kunenepesha la ununuzi. Nanyi wanafunzi, futeni vipanya vyenu, lakini msikubali kufuta kwenu kuwe sababu ya kuliacha wazi dawati la mtunzaji. Jumamosi moja ya watu saba iliokoa vipanya 17. Mzee yule, kwa mshahara wake mdogo, alikuwa akiviokoa vyote kila Ijumaa, na sisi tukadhani vinajiendea vyenyewe.